Mkwe Hapigwi Kombora

Fundi Barafu alikuwa mtu wa kuheshimiwa mno kwa wakwe zake, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Jina la Barafu alilipata kwa kazi yake ya kutengeneza majokofu. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba, na ilijaa majokofu yasiyo na milango na milango isiyo na majokofu. Mteja akileta jokofu bovu, Fundi hakukimbilia bisibisi. Alilichomeka kwenye umeme, akaliegemea, akalitegea sikio huku amefumba macho. Kisha husema, "Huyu moyo wake mzima, ila damu haizunguki." Mteja aliondoka akiwa ameelewa nusu tu ya maelezo, lakini ameridhika kabisa.

Basi mtu huyu, ambaye mtaa mzima ulimsikiliza, kila Jumapili alasiri aligeuka kuwa pambo. Na pambo hilo liliwekwa nyumbani kwa shemeji yake mkubwa, mbele ya kompyuta.

Familia ya mkewe ilikuwa na mazoea yake. Familia nyingine hukutana Jumapili wakacheza karata au wakasengenya waliokosekana. Hawa walikutana wakapigana vita vya vifaru. Kila mmoja alikuja na laptopu yake, akaiunganisha na waifai ya nyumba ile, akaendesha kifaru chake. Mmoja wao alifungua uwanja, yaani kompyuta yake ndiyo iliyobeba vita vyote, na wengine waliuona uwanja huo kwenye orodha, wakabonyeza, wakaingia. Mwenye kufungua uwanja ndiye aliyepanga kanuni: milima iwe wapi, makombora yawe mangapi, na nani anaruhusiwa kumpiga nani.

Uwanja ulifunguliwa siku zote na shemeji mkubwa, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, mtu mwenye kalamu mfukoni hata akiwa amevaa fulana. Wote walimwita Mhasibu, mpaka mdogo wake wa tumbo moja. Huyo mdogo aliuza viatu na aliitwa Domo, na ukikaa naye kidogo tu hukuwa na haja ya kuuliza sababu. Juu yao alikuwepo baba yao, Mzee Karani, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mzee huyo alicheza vifaru kwa miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, na alipiga bila huruma watoto wake wa kuwazaa.

Lakini mkwe hakumgusa.

Ilianza Jumapili ya kwanza baada ya harusi. Fundi, bwana harusi mpya, alikuwa ndiyo kwanza amejua kusogeza kifaru mbele. Domo alikuwa amekwisha kumlenga, kidole ki juu ya kitufe, Mzee akainua mkono.

"Unampiga nani?"

"Shemeji, Baba."

"Huyo ni mkwe. Mkwe hapigwi."

Maneno ya Mzee Karani yakishatamkwa yalikuwa kama yamepigwa muhuri. Mhasibu akayaingiza kwenye kanuni za uwanja siku ileile, gemu likazinakili kwenye laptopu zote, na hayakutoka tena.

Tangu siku hiyo kifaru cha Fundi kilitembea katikati ya moto na moshi kama mtalii. Makombora yalipita kushoto na kulia, nyumba zikaanguka, madaraja yakakatika, yeye akapita. Akimpiga mtu, mtu huyo alisema, "Asante shemeji, umelenga vizuri." Na vita vikifika mwisho, akibaki yeye na mmoja wa wenyeji, mambo yalikwama, kwa kuwa huyo mwenyeji hakuweza kumpiga. Hapo Domo husema kwa adabu, "Shemeji, jitoe basi tumalize." Fundi hujitoa. Watoto wake walizaliwa, wakatambaa, wakaanza shule, na baba yao bado anajitoa ili watu wamalize.

Siku moja uzalendo ulimshinda, akamwambia mkewe, "Mimi nataka baba yako anipige."

Mkewe alikuwa muuguzi, na alikuwa ametoka zamu. Akaweka mkoba chini taratibu. "Akupige na nini?"

"Kombora."

"Ah." Akauokota mkoba. "Si umwambie?"

"Nimwambieje? Baba, naomba unilipue?"

Mkewe alicheka mpaka akaketi. Lakini usiku huo, alipomwona mumewe anajigeuzageuza, alielewa kwamba mwenzake hatanii. Mtu anayelindwa na wote hahesabiwi na yeyote. Wale watatu walitukanana, wakaviziana, wakalipiziana kisasi, wakakumbushana wiki nzima nani alimfanyia nani nini darajani. Fundi hakuwa na kisa hata kimoja. Hakuwa amewahi kufanyiwa lolote.

Nafasi ikaja kwa njia ya rangi. Mhasibu alikuwa anapaka nyumba yake, viti vimetolewa nje, na harufu ilikuwa ya kumtoa nyoka pangoni. Kabla mtu hajasema Jumapili hiyo ivunjwe, Fundi alidakia.

"Njooni kwangu. Nitafungua uwanja mimi."

Wakwe zake wakamsifu kwa ukarimu, wasijue kilichomo moyoni. Mwenye kufungua uwanja ndiye mwenye kanuni. Fundi alikuwa amepania: akifungua tu, kanuni ile anaifuta kwa mkono wake mwenyewe, na wakishaanza hakuna wa kuirudisha. Uwanja ukikataa kufunguka, rangi ya Mhasibu ingekauka, Jumapili ijayo wangerudi kulekule, na yeye angerudia utalii wake mpaka azeeke.

Alijiandaa kama mtu anayepokea posa. Alinunua ruta mpya, kile kisanduku cha kugawa waifai, akasoma kijitabu chake kutoka jalada hadi jalada, akaipanga mwenyewe. Alifagia sebule, akaondoa kompresa ya jokofu iliyokuwa nyuma ya kochi, akatandika vitambaa. Ndani ya nyumba hiyo mgeni alikuwa na vikombe vyake, taulo lake na sabuni yake ambayo mtoto akiigusa anakaripiwa. Kwa hiyo Jumapili ilipofika, juu ya meza kulikuwa na kadi safi aliyoiandika kwa kalamu ya rangi: jina la waifai, "Wageni", na neno la siri, "karibunisana".

Wakwe waliingia kwa maamkizi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Nyumba inapendeza."

"Kuna baridi humu, au ni jina lake tu?" Domo akasema, akajitupa kwenye kochi.

Wakafungua laptopu zao, wakasoma kadi, wakaunganisha. Waifai ilikuwa na kasi ya ajabu. Domo alikuwa amekwisha kuanza kutazama magoli ya jana. Fundi akajikohoza, akafungua uwanja, akaupa jina la "Kwa Fundi Barafu". Kifaru chake kikatokea katikati ya jangwa, peke yake, kikiwa na jua la kuchora utosini.

"Karibuni ndani," akasema.

Wote watatu wakainamia vioo vyao.

"Ndani wapi?" Domo akauliza.

"Kwenye orodha. Si mnauona uwanja?"

Mhasibu akainama, akainuka. "Orodha tupu, shemeji."

"Kwangu pia," Mzee akasema. "Pameandikwa hakuna uwanja."

"Umefungua kweli, au umefungua moyoni?" Domo akamtania.

Fundi akageuza laptopu yake ili wote waone. Kifaru kilikuwepo. Mzee alikitazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili, akakiri kwamba kipo.

Mhasibu akavua saa yake na kuiweka mezani, ishara ya kwamba sasa anaanza kazi. Kwanza alitaka kujua kama gemu ni la toleo moja kwa wote. La Mzee lilikuwa la zamani. Wakalisasisha. Mstari mdogo wa kijani ukatambaa kwenye kioo cha Mzee taratibu kama konokono mwenye mzigo, wakautazama wote, na Mzee akawaonya wasiutazame sana usije ukaona haya. Ulipofika mwisho, orodha ilikuwa tupu vilevile.

"Ulinzi," Mhasibu akasema. "Kompyuta ya shemeji inawazuia watu kuingia. Kuna mahali pa kuiruhusu."

Wakapatafuta, wakapapata. Kompyuta ikauliza kama Fundi ana uhakika. Akabonyeza kwamba anao, ingawa hakuwa nao. Orodha tupu.

Sasa ikawa zamu ya Fundi. Alikwenda kwenye ruta iliyokuwa juu ya kabati, akaitegea sikio, akafumba macho. Sebule yote ikanyamaza. Hata Domo alipunguza sauti ya magoli.

"Inasemaje?" Mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Ina joto, Baba."

"Joto ni ugonjwa?"

"Kwa majokofu, ndiyo."

Akaizima, akaiacha ipumzike kama anavyoacha kompresa ili gesi itulie. Katika mapumziko hayo alileta kitambaa chenye vipande vya barafu, akawa anakisogeza juu ya kabati, Mhasibu akamshika mkono.

"Shemeji, ukikiweka hicho hapo tutacheza vifaru gizani."

Ruta ikawashwa bila barafu. Taa zake zikacheza, zikatulia. Magoli ya Domo yakaendelea. Uwanja haukuonekana.

"Tuingie kwa anwani," Mhasibu akasema, akichomoa kalamu. "Kila kompyuta ina namba zake ndani ya nyumba. Nisomee zako, niziandike moja kwa moja, niukute uwanja hata kama umejificha."

Fundi akamsomea. Mhasibu akaziandika, akabonyeza, akangoja. Gemu likamjibu kwamba huko hakuna kitu. Akakunja uso. Akasoma namba za laptopu yake, za Domo na za baba yake. Hizo tatu zilianza sawa kama watoto wa ukoo mmoja. Za Fundi zilianza vingine kabisa.

"Ajabu," akasema. "Sisi ni kama tuko mtaa mmoja, wewe mtaa mwingine."

Hapo walikuwa wameukaribia ukweli kiasi cha kuukanyaga. Lakini Mhasibu alikuwa mtu wa kupenda sababu kubwa, akainua kichwa, akasikia mngurumo kutoka uani.

"Ni hayo," akasema. "Majokofu. Yanavuruga mawimbi."

Fundi alijua majokofu yake hayana hatia, lakini kumbishia shemeji mkubwa mbele ya baba mkwe ni jambo zito. Akatoka, akayazima moja baada ya jingine. Aliporudi nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba ilisikika saa ya Mhasibu ikigonga juu ya meza. Orodha ilikuwa tupu kuliko mwanzo, kama orodha inaweza kuzidisha utupu.

"Basi," Mhasibu akasema kwa upole, na upole huo ulimchoma Fundi kuliko kejeli. "Usijisumbue zaidi, shemeji. Twende kwangu. Tutafungua madirisha, harufu tutaivumilia. Nitafungua uwanja mimi."

"Tutavaa vitambaa puani," Domo akasema. "Hata hivyo Baba hufanana na jambazi akicheza."

Mzee Karani alifunga laptopu yake, akatazama kofia yake ilipo. Fundi aliona mkono wa mzee unakwenda kwenye kofia, na akaona pamoja na mkono huo miaka mingine mingi ya kupita katikati ya moshi bila kudhurika. 

Ndipo mkewe alipoingia kutoka chumbani, macho yakiwa na usingizi wa zamu, laptopu yake kwapani.

"Mbona kimya? Nilizoea mkicheza mtu halali. Nikadhani mmeuana kweli."

"Hatujaanza hata," Domo akasema. "Mumeo kafungua uwanja wa peke yake."

"Hebu." Akaketi kwenye mkono wa kochi, akaifungua. Zamani, kabla ya watoto na zamu, alikuwa mpigaji hatari kuliko kaka zake wote wawili. Akabonyeza mara mbili. Katika jangwa la Fundi, kifaru cha pili kikatokea.

Fundi akakitazama asiamini. Kile kifaru kikazungusha mtutu, kikamlipua; vita rasmi vilikuwa bado, na mke si mkwe.

"Huu hapa," mkewe akasema. "Kwani mnasumbuka nini?"

Wote wakamkimbilia. Mhasibu akachungulia, akatazama laptopu yake, akachungulia tena. "Umefanya nini?"

"Nimebonyeza."

"Na sisi tumebonyeza."

"Kaka, onyesha waifai yako." Akatazama. Akatazama ya Domo, na ya baba yake. Kisha akageuka polepole kumtazama mumewe. "Baba watoto, hawa umewaweka wapi?"

"Kwenye waifai."

"Ipi?"

Fundi akaionyesha kadi. "Ya wageni."

"Na wewe uko kwenye ipi?"

"Ya nyumbani."

"Kwa hiyo ziko mbili."

"Kijitabu kilieleza," Fundi akasema, na sauti yake ikaanza kurudi nyuma. "Ruta ina njia mbili. Ya nyumbani na ya wageni. Ile ya wageni inawapa intaneti safi kabisa, ila imetengwa. Aliye huko hamwoni aliye humu ndani, asije akachungulia vitu vya wenyewe. Nikaona ndiyo yenye heshima."

 Mhasibu alizitazama zile namba alizoandika, za mtaa huu na za mtaa ule, akairudisha kalamu mfukoni taratibu.

"Ngoja," Mzee Karani akasema. "Nielewe vizuri. Tumekaa hapa tangu tumefika, tumezima majokofu ya watu, kwa sababu mimi ni mgeni?"

"Si hivyo, Baba."

"Njia inaitwaje?"

"Wageni."

"Na nimewekwa humo na nani?"

"Na mimi, Baba. Kwa heshima."

"Kwa binti yangu mimi ni mgeni," Mzee akawaambia wanawe, kama anayesoma hukumu. "Natengwa nisichungulie."

Fundi alitamani jokofu moja liwe tupu aingie humo. Lakini mkewe alimsukuma kwa kiwiko. "Wape neno la siri la nyumbani, mambo yaishe."

Hapo Fundi akapata rangi mpya usoni. "Wape wewe."

"Si uliliweka wewe?"

"Ndiyo maana."

Mzee alikuwa amekwisha kufungua laptopu, kidole kimoja kimesimama juu ya herufi. "Semeni, naandika."

Mkewe akakaza uso, akalisoma kama anayesoma jina la dawa. "Asali."

"Asali," Mzee akaandika. "Halafu?"

"Ya."

"Ya nini?"

"Ya moyo wangu. Yote pamoja, bila nafasi."

Domo aliteremka kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni, na huko alibaki.

"Wangu," Mzee akamalizia, bila kuinua macho. "Imekataa."

"Kuna mbili mwishoni, Baba."

Kidole cha Mzee kikasimama. Akamtazama mkwe wake kwa miwani ya kwanza, akateremsha ya pili. "Mbili? Asali ya kwanza ni nani?"

"Hakuna, Baba," Fundi akasema haraka. "Ruta ilidai pawe na namba."

"Ingetosha moja."

"Nilibonyeza iliyokuwa karibu."

Mzee akaandika mbili. Laptopu ikakubali. Na orodha iliyokuwa tupu alasiri nzima ikatoa jina moja: Kwa Fundi Barafu. Vifaru vikatokea jangwani kimoja kimoja, mpaka cha Domo, kilichochelewa kwa sababu mwenyewe alikuwa hajaweza kuketi.

"Haya, kanuni," Mhasibu akasema kwa mazoea. "Makombora yale yale, mafuta yale yale, mkwe hapigwi. Anzisha, shemeji."

Kidole cha Fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mpango wake ulikuwa kuifuta kanuni kimyakimya. Lakini kioo kilionyesha kanuni kwa wote, na akiifuta wote wangeona. Akajikaza.

"Hiyo ya mwisho naiondoa."

Domo akaacha kucheka. Mhasibu akamtazama baba yake.

"Kwa sababu gani?" Mzee akauliza.

Fundi alikuwa ametunga hotuba ndefu kwa muda mrefu, akiwa peke yake na majokofu. Ilikuwa na utangulizi na mifano. Ikamtoka yote kichwani.

"Baba," akasema, "nimechoka kuheshimiwa."

Mkewe akainamisha kichwa.  Mzee Karani alivua miwani zote mbili, akafuta moja kwa pindo la shati, akafuta ya pili.

"Ile kanuni niliiweka usije ukatukimbia," akasema. "Domo alikuwa anakulenga, na wewe hata kurudi nyuma hujui. Nikasema binti yangu atarudishwa nyumbani kwa ajili ya kifaru."

"Sasa najua kurudi nyuma, Baba."

"Na mbona miaka yote hukusema?"

"Na wewe, Baba, hukuuliza," mkewe akadakia.

Mzee akavaa miwani. "Uwanja ni wake. Mwenye uwanja amesema. Anzisha."

Fundi akaanzisha. Vita vilikuwa vya fujo tangu mwanzo. Mkewe alimaliza ugomvi wa zamani na Mhasibu kabla Mhasibu hajageuza mtutu. Domo akamkosa Fundi mara ya kwanza, akamkosa mara ya pili, na Fundi, mwili wote ukimsisimka, akarudi nyuma kwa ustadi, akajificha nyuma ya kilima, akaona sasa kweli anacheza. Akatoka upande wa pili. Kifaru cha Mzee kilikuwa kimekaa pale, kimezimwa taa, kinamngoja.

Kioo cha Fundi kikawa chekundu, kisha cheusi.

Hakuna aliyempa pole. "Ulikuwa unaenda wapi, kichwa maji wewe?" Domo akamuuliza, akicheka, na hata neno shemeji hakulitaja.

"Baba, umenivizia," Fundi akalalamika. Alijaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika.

"Kata rufaa," Mzee Karani akasema, macho kwenye kioo. "Na uwashe majokofu ya watu kabla hujaanza tena. Nitakungoja palepale."

Fundi akakimbia uani, akayawasha yote bila kuyasikiliza, akarudi mbio. Walikuwa wamemaliza na wanabishana. Akaanzisha tena, akajua wapi baba mkwe wake amejificha, akazunguka kwa mbali ili amshike kwa nyuma, akapigwa na mkewe.